Wakili wa bure Dodoma: ushauri anatoa, mahakamani haonekani. Tatizo ni nini?

#1 Mzee wa Nala
Mbukwenyi wakuu.

Kila mwaka Wiki ya Sheria ikifika, Nyerere Square inajaa mabanda. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia nayo tangu 2023 imepita huku na kule, hadi vijijini imefika. Mwananchi anasikilizwa vizuri tu, anaandikiwa karatasi: nenda Baraza la Kata, andika notisi, kakate rufaa. Baada ya hapo yuko peke yake. Siku shauri linaitwa, upande wa pili una wakili, yeye ana bahasha ya kaki.

Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 inataja elimu, ushauri, usaidizi na uwakilishi. Vitatu vya mwanzo naviona. Cha nne nakitafuta kwa tochi. Hoja yangu: mawakili wa kujitolea wa hapa kwetu wanakwepa kusimama mahakamani. Anayebisha aje na utaratibu, asije na picha za uzinduzi.

#2 Zabibu Kavu
Nimevuta kigoda. Ngoja wenye majoho waje.

#3 Karani wa Zamani
Mzee, salama. Kabla hujawabebesha mawakili lawama, angalia tarehe zilizomo kwenye hiyo bahasha ya kaki. Mafaili mengi yanafika bandani yakiwa yameshakufa.

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia Mwanzo, ni 30 nyingine. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likiamua shauri lililoanzia hapo, kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kuachishwa kazi, unatakiwa uwe umejaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi ni 60. Kufungua shauri jipya, mkataba ni miaka 6, kurejesha ardhi ni miaka 12.

Sasa mtu anakuja na hukumu ya miezi minane iliyopita. Wakili hata akiwa na moyo wa dhahabu hana rufaa ya kusimamia. Ana maombi ya kuongezewa muda, na hayo yanataka kiapo kinachoeleza kila siku ya kuchelewa ilikwendaje. "Sikuwa na pesa" peke yake huwa haipiti. Mawakili wengi wanaona kuchukua faili la namna hiyo ni kumpa mtu matumaini ya bure.

#4 Binti Mpwapwa
Karani kasema kweli ila si yote. Watu hawatofautishi waliokaa bandani. Wengi mnaowaita mawakili ni wasaidizi wa kisheria. Hao Sheria ya 2017 imewatambua rasmi, lakini imewawekea mipaka: wanatoa elimu, wanaelekeza mtu mahakama au baraza sahihi, wanasaidia pande mbili zikae zizungumze, wanamwelekeza mhitaji jinsi ya kupata nyaraka. Kufanya kazi ya uwakili hawaruhusiwi, na kudai malipo hawaruhusiwi. Kwa hiyo huwezi kumlaumu kwa kutosimama, sheria ndiyo imemkalisha.

Ukitaka kujua uliyekaa naye ni nani, muulize amesajiliwa chini ya taasisi gani. Watoa huduma wanasajiliwa na Msajili aliye Wizara ya Katiba na Sheria, Mtumba. Wilayani kuna Msajili Msaidizi, na kwa kawaida utampata kwa kuulizia ofisi ya Maendeleo ya Jamii.

#5 Zabibu Kavu
Kwa hiyo mtu anamwaga machozi yote kwa asiyeruhusiwa hata kushika joho. Dodoma raha.

#6 Binti Mpwapwa
@Zabibu Kavu cheka tu. Kuna sehemu joho halihitajiki. Kwenye Tume ya Usuluhishi mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, na wakili, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Hapo msaidizi wa kisheria anaingia mlangoni bila shida. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linamruhusu ndugu au mtu wa kaya ya mdai kusimama naye. Mahakama ya Mwanzo kwenye madai, hivyo hivyo, ukiomba na hakimu akaridhia. Mabanda yangewafundisha watu kuja na mpwa aliyemaliza kidato cha sita na anayejua kupanga hoja, pengo la Mzee wa Nala lingepungua nusu.

#7 Area D Moja
Samahani, si Mahakama ya Mwanzo mawakili wamekatazwa? Basi hoja ya #1 inakufa hapo, maana kesi nyingi za wanyonge ziko huko.

#8 Karani wa Zamani
@Area D Moja huo ulikuwa utaratibu wa zamani. Marekebisho ya 2021 yaliruhusu mawakili Mahakama ya Mwanzo pale inapoendeshwa na Hakimu Mkazi. Kwa hiyo swali la kuuliza masjala ni cheo cha hakimu aliyepangiwa faili. Mwaka huo huo Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo na kisingizio cha "sijui Kiingereza cha kortini" nacho kimepungua makali, ingawa mahakama za juu Kiingereza bado unakikuta.

Ila marekebisho hayo yana upande wa pili ambao hausemwi. Zamani mnyonge na tajiri walikuwa sawa pale Mwanzo, wote bila wakili. Sasa mwenye fedha anakuja na wake, na wa bure hayupo. Mlango umefunguliwa kwa mwenye nauli.

#9 Pingamizi la Awali
Nimeuona uzi, nitasema machache.

Mzee, mawakili wa msaada wa kisheria kuna namna wanayosimama bila wewe kuwaona. Chukua hati yoyote iliyoandaliwa na taasisi ya msaada, iwe TAWLA, iwe LHRC, iwe kliniki ya chuo. Soma chini kabisa ya ukurasa wa mwisho. Kuna mistari miwili: "Imeandaliwa bure na", likifuatiwa na jina na muhuri, halafu "Imewasilishwa na: mdai mwenyewe". Mstari wa kwanza unatakiwa kisheria, kwamba hati ionyeshe nani kaiandaa. Mstari wa pili ndio mpaka wa msaada wenyewe: tumekuandalia, kasimame.

Sababu ni hesabu. Hati ya madai unaiandaa mara moja. Kusimama ni kutajwa, usuluhishi, hoja bishaniwa, mashahidi, na katikati shauri linaahirishwa kwa sababu hakimu yuko semina au mzee wa baraza kafiwa. Wakili mmoja anayeandaa hati anaweza kuhudumia watu wengi kwa muda ambao angesimamia shauri moja hadi hukumu. Taasisi nyingi zimechagua wengi wapate kidogo. Unaweza kulipinga hilo, lakini si kukwepa.

Panapoharibika ni hapa. Upande wa pili unaweka pingamizi la awali: baraza halina mamlaka, muda umepita, kiapo kina kasoro. Mdai mwenyewe anaulizwa, "Unasemaje kuhusu pingamizi?" Anajibu habari za shamba la baba yake. Shauri linatupwa siku hiyo hiyo. Dawa yake ni sentensi moja ambayo kila anayesaidiwa angefundishwa: "Naomba pingamizi lisikilizwe kwa mawasilisho ya maandishi." Mahakama ikikubali, inapanga tarehe za kila upande kuwasilisha. Anarudi na amri hiyo kwa taasisi iliyomsaidia, nayo inajibu kwa maandishi. Wakili kasimama bila kusimama.

#10 Mzee wa Nala
@Pingamizi la Awali nashukuru, hiyo sentensi naibandika ukutani. Ila umekiri mwenyewe: mmechagua. Mimi nasema mmechagua kinachohesabika kirahisi kwenye ripoti. "Waliofikiwa" wengi wanapendeza kwa mfadhili kuliko kesi moja ya kiwanja iliyochukua miaka minne.

#11 Mpima Viwanja
Mzee kataja kiwanja, basi nami niingie. Kesi za ardhi za Dodoma mjini zina ugonjwa wake ambao wakili wa Mwanza au Mbeya haukuti sana.

CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu na kugawa viwanja hapa, iliundwa 1973 ikavunjwa 2017, majukumu yakaenda halmashauri, ambayo 2018 ikawa Jiji. Mtu ana barua ya toleo (ya kumgawia kiwanja) ya CDA na stakabadhi zilizofifia. Anakuta mwingine kajenga, naye ana karatasi za Jiji. Ushauri wa haraka wa bandani: mshtaki jirani Baraza la Ardhi. Anaanza Baraza la Kata kwa usuluhishi, maana tangu 2021 Baraza la Kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 anaendelea Baraza la Wilaya. Mashahidi wanaitwa, na katikati jirani anasema, "Mimi nimepewa na Jiji." Hapo ndipo kinapoanguka. Aliyegawa ni Jiji, na bila Jiji kuunganishwa mgogoro hauamuliki sawasawa. Na Jiji huwezi kulishtaki Barazani. Tangu marekebisho ya 2020, shauri dhidi ya mamlaka ya serikali za mitaa ni la Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiwa mdaiwa pamoja nalo, baada ya notisi ya siku 90. Miaka miwili imepotea, na kosa lilifanyika ndani ya dakika kumi za bandani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye mgogoro wa Iyumbu, Nzuguni au Mkonze lisiwe "nani kavamia". Liwe "nani kamgawia aliyevamia".

#12 Nyerere Square Leo
Hii ya #11 ingechapishwa ikabandikwa kwenye kila banda. Kumbe usipounganisha mgawaji umekwenda kutembea.

#13 Pingamizi la Awali
Naongezea kwenye #11, kwa sababu notisi ya siku 90 watu wanaiandika kama barua ya malalamiko kwa Mkuu wa Mkoa.

Iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Ndani yake: majina kamili ya mdai kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya kiwanja na kitalu, kilichofanyika na lini, sheria au haki iliyovunjwa, nafuu unayotaka na kiasi kama ni fedha, halafu kauli kwamba siku 90 zikipita utafungua shauri. Peleka kwa mkono. Kila ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na tarehe isomeke. Nakala hizo ndizo zitakazoambatishwa kwenye hati ya madai.

Makosa ninayoyaona kila leo: nakala ya Wakili Mkuu kusahaulika, kufungua shauri siku ya 85 kwa kuhesabu tangu siku ya kuandika badala ya siku ya kupokelewa, notisi kuandikwa na mwenyekiti "kwa niaba ya wananchi wa mtaa" bila orodha ya majina. Hilo la mwisho linaua kesi za fidia. Kundi likitaka kushtaki kupitia wawakilishi linaomba kwanza kibali cha mahakama, majina yote na saini yakiwa yameambatishwa.

Kama kuna hatari ya kubomolewa kabla ya siku 90, kuna maombi ya zuio yanayojulikana kama Mareva. Yanafunguliwa Mahakama Kuu wakati notisi bado inahesabu. Hayo mtu asijaribu bila wakili.

#14 Kijana wa Chamwino
Kumbe ndiyo maana! Sasa nina jibu tofauti na yote yaliyotangulia. Angalieni kampeni za Serikali zinaendeshwa na nani: mawakili wa Serikali, wanasheria wa halmashauri, maafisa wa Wizara. Wakili wa Serikali haruhusiwi kumwakilisha mtu binafsi. Na kama mgogoro ni dhidi ya Jiji, mdaiwa wako ndiye mwajiri wa aliyekaa mezani. Atakusikiliza, atakuelekeza, kusimama hawezi hata akitaka. Tatizo si uvivu wala muda wala ripoti. Tumeweka watu wasioweza kusimama, tunashangaa hawasimami.

#15 Binti Mpwapwa
@Kijana wa Chamwino kwenye kampeni huwa wapo pia mawakili wa kujitegemea kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika, na wasaidizi wa kisheria. Usiwafute wote. Na mwanasheria wa halmashauri kukaa mezani si hasara tupu, maana mambo kama mpaka uliokosewa kwenye ramani anaweza kuyamaliza ndani ya ofisi yao bila kesi.

#16 Kijana wa Chamwino
Anaweza. Je, analazimika?

#17 Mama Kondoa
Mnazunguka. Jibu ni umbali na fedha. Mawakili wamejazana mjini. Kondoa hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 150, Mpwapwa zaidi ya 100. Wakili wa kujitolea akisimamia shauri Kondoa analipa nauli, chakula, pengine na kulala, na siku hiyo ofisini kwake hakuna aliyelipa. Shauri likiahirishwa mara tano kafadhili usafiri wa mara tano. Nani atajitolea hivyo mara mbili?

Na ada za mahakama nazo zipo. Mtu asiye na uwezo anaweza kuomba kusamehewa ada. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ina Amri ya 33 kwa ajili ya maskini. Anapeleka maombi mwenyewe, anaorodhesha mali zake zote na thamani yake, na ikigundulika ameuza au kugawa mali kwa hila ndani ya miezi miwili kabla ya maombi, yanakataliwa. Watu wanaambatisha barua ya mtendaji inayosema "ni mkazi wangu mwaminifu" na kufikiri imetosha. Barua iseme kipato chake, anategemewa na wangapi, ana ng'ombe au hana.

#18 Zabibu Kavu
Mgogo akiri kwa mtendaji kwamba hana ng'ombe? Bora alipe ada.

#19 Mama Kondoa
😂 Na wapo wanaokosa msamaha kwa sababu hiyo hiyo.

#20 Isanga Road
Nyote mko kwenye madai. Uwakilishi wa bure mbele ya mahakama upo, nendeni upande wa jinai. Kesi ya mauaji Mahakama Kuu haisikilizwi mshtakiwa akiwa hana wakili. Akishindwa kumlipa, mahakama inampangia na Serikali inalipa. Kwa makosa mengine Sheria ya 2017 inampa jaji au hakimu nafasi ya kuona kwamba haki inataka mshtakiwa asaidiwe na hana uwezo, akaelekeza apatiwe msaada. Hii ya pili haiombwi. Mshtakiwa hajui, na hakimu ana mafaili arobaini mezani.

Kasoro ya wakili wa kupangiwa ni maandalizi. Wengi wanakutana na mteja kikao kimekaribia, na maelezo ya mashahidi anayasoma usiku. Ndugu wa mahabusu wa Gereza la Isanga wasisubiri. Waandike ukurasa mmoja: alikamatwa lini na wapi, alifikishwa mahakamani lini, nani alikuwa naye siku ya tukio, mashahidi wa upande wake wanapatikana wapi. Wampelekee wakili jina lake likishajulikana. Shahidi wa utetezi aliyehamia Manyoni bila namba ya simu hana faida kwa mtu.

Na dhamana ya polisi ni bure. Hilo halihitaji wakili, linahitaji mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji.

#21 Mzee wa Nala
@Isanga Road umenipa silaha. Kama Serikali inaweza kulipia wakili kwenye mauaji, kwa nini isilipie mjane anayenyang'anywa nyumba? Na mirathi je? Huko ndiko wanawake wetu wanakoumizwa.

#22 Karani wa Zamani
Mirathi haikosi wakili, inakosa nidhamu ya hatua. Mahakama ya Mwanzo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na wote waliohudhuria, fomu ya maombi, tangazo, kusikilizwa, uteuzi. Hapo watu wanadhani wamemaliza. Msimamizi ana miezi minne tangu kuteuliwa kurudisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, na Fomu Na. 6, hesabu za mgawanyo. Wengi hawarudi, wanauza kwanza. Mjane akienda bandani miaka mitatu baadaye anaambiwa afungue kesi, wakati angeandika barua kwenye faili lile lile akaomba msimamizi aitwe ajieleze, na ikibidi uteuzi utenguliwe.

Ila marehemu akiwa Mkristo, Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka. Hilo lijulikane.

#23 Pingamizi la Awali
@Karani hapo umekaza mno. Mamlaka ya Mwanzo ni pale inapotumika sheria ya mila au ya Kiislamu. Dini ya marehemu ni sehemu tu ya kipimo. Mahakama huangalia na mtindo wake wa maisha na nia yake. Mgogo aliyebatizwa lakini aliyeishi, akaoa na kugawa mifugo kimila anaweza kuangukia kwenye mila. Aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini na kuacha wosia wa maandishi, huyo ni mambo mengine.

#24 Karani wa Zamani
Naujua huo mjadala. Lakini ukimshauri mjane aende Mwanzo kwa Mkristo, unampandia pingamizi litakaloota shauri likiwa limekomaa. Ushauri salama ni Mahakama ya Wilaya.

#25 Pingamizi la Awali
Na yuko umbali wa kilomita ngapi kutoka Mahakama ya Wilaya? Soma #17.

#26 Binti Mpwapwa
Turudi kwa Mzee. Kuna jambo kuhusu #3 ambalo Karani hakulimaliza. Uhaba wa fedha kwa kawaida si sababu ya kuongezewa muda, ni kweli. Lakini kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwenye rufaa ya mwaka 2002, uliosema kwamba kwa mjane aliyekuwa anategemea msaada wa kisheria, ugumu wa fedha hauwezi kuonekana jambo dogo. Kwa hiyo kiapo kisiishie "sikuwa na pesa". Kiandike: tarehe fulani nilikwenda taasisi fulani ya msaada, nikapangiwa kurudi tarehe fulani, hati zikakamilika tarehe fulani. Na barua ya taasisi iambatishwe. Kadi ya banda yenye tarehe, ambayo watu wanafungia karanga, ni kielelezo.

#27 Karani wa Zamani
Nakubali, ila nawawekea mtego mwingine. Rufaa ya shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haihitaji kuambatisha nakala ya hukumu. Kwa hiyo ukijitetea kwamba ulikuwa unasubiri nakala, utaulizwa ulikuwa unaisubiri ya nini. Kutoka Baraza la Wilaya ni tofauti, huko siku za kusubiri nakala zinaweza kutolewa kwenye hesabu, mradi uwe na ushahidi wa lini uliomba na lini ulipewa. Omba kwa barua, gonga muhuri. Ombi la mdomo dirishani halina tarehe.

#28 Area D Moja
Sheria hizo vifungu vyake ni namba ngapi? Nataka nimtajie mtu leo hii.

#29 Zabibu Kavu
Huyu naye anataka kwenda kugombana. Kaka, toleo jipya la sheria limeanza kutumika Julai 2025, namba zimesogea. Utataja kifungu cha 33 kumbe kimeshahama na familia yake.

#30 Pingamizi la Awali
@Zabibu Kavu mara ya kwanza kwenye uzi huu umesema la maana. Taja jina la sheria na jambo lenyewe. Hukumu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Kwa atakayekwenda bandani au ofisi yoyote ya msaada, bahasha yake ipangwe hivi. Juu kabisa, karatasi ya mwisho kutoka mahakamani yenye tarehe ijayo, wito au amri. Chini yake hukumu kama ipo. Halafu ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe, mstari mmoja tukio moja, bila matusi ya shemeji. Halafu nyaraka za msingi: barua ya toleo, mkataba wa mauziano, stakabadhi. Asili zibaki nyumbani, zije nakala. Angalia majina, "Amina" kwenye barua ya toleo na "Aminata" kwenye NIDA ni kiapo cha majina kabla ya chochote. Kwenye mauziano ya nyumba ya familia angalia kama mwenza aliridhia. Kwa talaka, uwe na Fomu Na. 3 kutoka baraza la usuluhishi la ndoa, la sivyo shauri litarudishwa.

Mtu akifika hivyo, zile dakika kumi za bandani zinatumika kushauri. Bila hivyo tisa zinaisha kutafuta karatasi.

#31 Nyerere Square Leo
Na vishoka? Kipindi cha mabanda wanazunguka pembeni na mihuri, wanachaji elfu ishirini "ya fomu".

#32 Binti Mpwapwa
Wakili anathibitishwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Andika jina, ona kama ana leseni hai ya mwaka huu. Hayumo, hati yake itakuletea balaa kwa sababu imeandaliwa na asiye na sifa. Msaidizi wa kisheria akiomba hela "ya mafuta", ripoti kwa Msajili Msaidizi wa wilaya. Ada ya mahakama inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, haipokelewi mkononi na mtu.

#33 Mzee wa Nala
Nimesoma yote. Hadi sasa mmenipa: muda umepita, sheria imewakalisha, hesabu ya wengi, wafadhili, mwajiri ni mdaiwa, nauli. Sita. Hakuna aliyesema ni ipi.

#34 Kijana wa Chamwino
Ya tano.

#35 Mama Kondoa
Ya sita, na hata ukizirekebisha zote tano, hiyo itabaki.

#36 Pingamizi la Awali
Mzee, fungua shauri la mfano tulione. Una mtu mwenye mgogoro sasa hivi?

#37 Mzee wa Nala
Yupo jirani, mama. Fidia ya shamba. Tathmini ilifanyika, akasaini, kimya. Unakaribia mwaka wa pili.

#38 Mpima Viwanja
Asilale. Sheria ya Uthamini ya 2016: fidia ikipita miezi sita bila kulipwa inadaiwa na riba. Na uthamini ukifika miaka miwili bila malipo unakoma, inabidi ufanywe upya. Tarehe ya kuidhinishwa kwa jedwali na Mthamini Mkuu ndiyo anayopaswa kuijua, sio siku wathamini walipokuja shambani. Amwandikie Mkurugenzi barua ya kuomba nakala ya ukurasa wenye jina lake.

#39 Mzee wa Nala
Anayo karatasi moja tu, ina namba yake ya fidia na saini. Haina tarehe ya Mthamini Mkuu.

#40 Pingamizi la Awali
Basi barua ya Mpima ianze kesho, muhuri wa kupokelewa ugongwe kwenye nakala yake. Na notisi ya siku 90 isisubiri majibu ya barua; ziende sambamba. Waliothaminiwa pamoja naye wako wangapi?

#41 Mzee wa Nala
Kaya kumi na kitu. Mwenyekiti alishaandika barua kwa niaba yao.

#42 Zabibu Kavu
#13, Mzee. Rudi #13.